Ikulu za Udongo na Mwaka 1863

Kila Mtanzania analijua neno Ikulu. Linasikika katika taarifa ya habari, linaandikwa kwenye barua za uteuzi, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukueleza maana yake. Wachache hukumbuka lilikotoka. Ni neno la Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma, walioliita hivyo makazi ya mtemi. Wasafiri wa Ulaya waliopita Unyanyembe katika karne ya 19 waliandika "Kwikuru" katika vitabu na ramani zao kana kwamba ni jina la mji mmoja, kumbe wenyeji walikuwa wakiwaambia tu kwamba wamefika penye makazi ya mtawala. Taifa limelichukua neno hilo na kulivika herufi kubwa. Zile ikulu zenyewe tumeziacha zirudi ardhini.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba upotevu huo haukuletwa na mvua na mchwa peke yake. Umo ndani ya sheria yetu, na umo ndani ya macho yetu tunapolitazama gofu na kuamua kama ni gofu au ni kichuguu tu. Sheria inaweza kurekebishwa, na macho yanaweza kufundishwa, lakini ardhi iliyokwisha kupimwa viwanja na kuchimbwa misingi hairudi ilivyokuwa.

Tuanze na mambo yenyewe. Mtemi Isike wa Unyanyembe alitawala tangu mwaka 1876. Boma lake, Isiunula, lilikuwa karibu na mji wa Tabora wa leo, na lilikuwa na kuta nene zilizowashinda Wajerumani zaidi ya mara moja. Mwezi Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliliteka. Isike alipoona yamekwisha, aliingia katika ghala la baruti na kuliwasha. Askari walimkuta angali anapumua, wakamnyonga. Kwa mwanafunzi wa historia ya upinzani dhidi ya ukoloni, hapo ni mahali pa kusimama kwa adabu.

Magharibi ya Tabora, katika nchi ambayo leo tunaiita Urambo, Mtemi Mirambo alijenga Iselamagazi. Huyu ndiye aliyeufunga mkondo wa misafara kati ya Tabora na Ujiji mwaka 1871, akaushambulia mji wa Tabora wenyewe mwezi Agosti mwaka huo, na akafanya wafanyabiashara wa pwani wajue kwamba barabara ina mwenyewe. Daktari na mmisionari Ebenezer Southon, wa London Missionary Society, alifika kwake mwaka 1879 na akaishi nchini mwake hadi alipofariki mwaka 1882. Mirambo mwenyewe alifariki mwezi Desemba 1884. Jina lake tumelipa mtaa katikati ya Dar es Salaam na kambi ya jeshi mjini Tabora. Mji wake hatujaupa hata nusu ya heshima hiyo.

Sasa tazama Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini. Hapo lipo tembe linalojulikana kwa jina la Livingstone. Henry Morton Stanley alilitumia mwaka 1871 alipokuwa njiani kumtafuta daktari huyo. Wakarudi wote wawili kutoka Ujiji na kufika hapo mwezi Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi na shehena hadi mwezi Agosti, kisha akaelekea kusini kwenye safari yake ya mwisho. Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya katika karne ya 20, likafanywa makumbusho, na wageni hulitembelea. Ni jambo jema, na sina ugomvi nalo.

Nilifika hapo na kundi la wanafunzi wangu. Baada ya kutazama milango iliyochongwa na kusikiliza maelezo, mmoja wao aliuliza swali la kawaida kabisa: "Mwalimu, huyu alikuwa mgeni, alikaa hapa miezi michache. Aliyempa ruhusa ya kukaa katika nchi hii nyumba yake iko wapi?" Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo, kwa sababu jibu lake halimo katika kitabu cha historia tu. Limo katika kitabu cha sheria.

Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inatamka kwamba jengo, ngome, kaburi, handaki au kazi nyingine ya mikono ya binadamu ni kumbukumbu inayolindwa ikiwa ilifanywa kabla ya mwaka 1863. Kilichofuata baada ya mwaka huo hakina ulinzi mpaka Waziri mwenye dhamana akitangaze mahususi. Watunga sheria walirudi nyuma takribani karne moja kutoka siku zao na hapo wakachora mstari. Mwaka 1964 huenda ilionekana ni busara ya kutosha. Tatizo ni kwamba wakati umesogea na mstari umebaki palepale. Lau kipimo kingekuwa karne moja inayotembea pamoja na kalenda, leo kingekwisha kuivuka Vita Kuu ya Kwanza, na kila nilichokitaja hapo juu kingekuwa ndani ya ulinzi.

Pima mwenyewe. Boma la Isike lilianguka miaka 30 baada ya mstari. Mji wa Mirambo ulikuwa hai miaka kumi na sita na zaidi baada ya mstari. Hata makazi ya Livingstone pale Kwihara ni ya miaka tisa baada yake. Karne yote iliyoifanya Tabora kuwa njia panda ya Afrika ya Kati, kuanzia utawala wa watemi wakubwa, vita vya biashara, ujio wa Wajerumani, reli iliyofika mwaka 1912 hadi kuingia kwa majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, imeangukia upande wa pili wa mstari, inakosubiri hisani ya tangazo. Na hisani hutolewa kwanza kwa kinachojulikana duniani. Livingstone ana wasomaji wake London na Edinburgh. Isike anawategemea Watanzania.

Inafaa pia kukumbuka hali ya siku zile. Machifu waliondolewa katika mfumo wa utawala mwaka 1963, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ya mambo ya kale. Taifa changa lilikuwa linajenga umoja, na halikutaka makabila yasimame kila moja nyuma ya kiti chake cha enzi. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, na matunda yake tunayala hadi leo. Hata hivyo, kuondoa cheo cha mtemi ni jambo moja, na kuacha makazi yake yapotee ni jingine. Hilo la pili halikuamuliwa na mtu yeyote katika kikao chochote. Lilitokea kwa sababu hakuna aliyelizuia.

Nimesema tatizo limo pia katika macho yetu. Wanafunzi wanapofika kwenye somo la ustaarabu wa kale, huniletea katika simu zao picha za miji ya Wamaya: mahekalu ya Tikal yakichomoza juu ya msitu wa Guatemala, ngazi za mawe za Copán kule Honduras. Wanaposhangaa, nami nashangaa pamoja nao. Lakini kisa cha magofu yale kina somo ambalo picha haionyeshi. Mmarekani John Lloyd Stephens alipofika Copán mwaka 1839, alilinunua eneo la mji huo kwa dola 50. Huko Ulaya na Marekani wengi waliamini kwamba kazi kubwa namna ile lazima ilifanywa na Wamisri, Wafoinike au watu wengine kutoka mbali. Stephens alisema hapana. Waliojenga ni mababu wa watu hawahawa wanaoishi hapa. Ilionekana ni hoja ya ajabu. Zimbabwe Kuu ilipitia dhuluma ileile: wakoloni walihangaika kwa miongo kadhaa kutafuta Mfoinike au Mwarabu wa kumpa sifa ya kuta zile, ilhali Mshona alikuwa amesimama karibu.

Wamaya na Washona waliokolewa na mawe. Jiwe hukataa kuondoka, na siku moja ukweli hulirudia. Sisi wa nyanda za kati tulijenga kwa udongo, miti na nyasi, kwa kuwa ndivyo vilivyofaa nchi yetu. Tembe ni jengo la akili: nguzo za miti, kuta za udongo mnene, dari bapa lililosilibwa udongo juu ya boriti, na vyumba vilivyozunguka ua mmoja wa mifugo na watu. Lina ubaridi wakati wa jua na joto wakati wa usiku, na ni ngumu kulichoma moto kutoka nje. Lakini linahitaji mkono wa mwenyewe kila msimu. Watu wakihama, mvua hupenya darini, mchwa hula boriti, kuta huyeyuka, na baada ya muda hubaki mwinuko mdogo ambao mpita njia huuita kichuguu. Zaidi ya hayo, mara nyingi mtemi mpya alijenga ikulu mpya, kwa hiyo makao yalihama na historia ikatawanyika katika vijiji vingi badala ya kurundikana mahali pamoja.

Hata kwa Wamaya, watu wa kawaida hawakulala katika mahekalu ya mawe. Walilala katika nyumba za miti, udongo na makuti, na nyumba hizo zimeyeyuka kama zetu. Katika kijiji cha Joya de Cerén, nchini El Salvador, jivu la volkano lililofunika nyumba na mashamba takribani mwaka 600 lilihifadhi hata vyombo vya jikoni na mimea shambani. UNESCO iliuingiza mji huo mdogo wa wakulima katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Udongo, basi, si kikwazo cha heshima. Jirani zetu wa Uganda wanalijua hilo zaidi: makaburi ya makabaka pale Kasubi, yaliyojengwa kwa miti, matete na nyasi, yaliingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2001. Yalipoungua mwezi Machi 2010, Waganda hawakusema nyasi zimekwisha na historia imekwisha. Walijenga upya, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wala hatuhitaji kuvuka mpaka ili kupata mfano. Von Prince yuleyule aliyemmaliza Isike ndiye aliyepelekwa Iringa kupambana na Mkwawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyotekwa mwezi Oktoba 1894, leo ina makumbusho, na fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa humo. Kalenga nayo iko nje ya mwaka 1863. Tulipotaka, tuliweza.

Baada ya Kwihara tulikwenda Ntalikwa. Ni kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Tabora, lakini maisha yake ni ya jembe na ng'ombe. Hatukwenda kutafuta ikulu. Nilitaka wanafunzi waone mashamba, kwa kuwa vitabu vinapoeleza biashara ya misafara vinahesabu pembe za ndovu na kusahau kuuliza maelfu ya wapagazi walikula nini. Walikula nafaka iliyolimwa na wakulima wa Unyanyembe, na hasa na wanawake wa Unyanyembe. Bibi mmoja alitupokea, tukamwamkia, akatuuliza ukoo zetu mmoja mmoja kabla ya kuuliza shida yetu. Kisha akatupeleka nyuma ya shamba lake la karanga. Palikuwa na mwinuko mpana usiofika magotini, udongo wake mwekundu na mgumu, na pembeni mstari wa minyaa ulionyooka kuliko minyaa inavyoota yenyewe. Jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa miaka ya kazi lilikuwa limegeuzwa chombo cha kunyweshea kuku.

"Hapo palikaliwa, wajukuu zangu," alisema. "Ukilima, jembe linagonga vigae. Sisi tulikatazwa na wazee kulima katikati, tukalima pembeni. Hawa vijana sasa wanalima pote."

Hakusema palikuwa kwa mtemi gani, nami sisemi. Huenda yalikuwa makazi ya mkulima na wake zake. Lakini wanafunzi waliokuwa wamechoka pale Kwihara walipiga magoti wakaanza kuhesabu vigae bila kuvigusa, na mmoja akachora mstari wa minyaa katika daftari. Kwa dakika arobaini walisoma ardhi kama ukurasa. Mwanaakiolojia angesoma zaidi: mashimo ya nguzo, jivu la jiko, mkaa unaoweza kupimwa umri, shanga za kioo zilizopitia pwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha taaluma hiyo tangu miaka ya 1980. Ujuzi tunao nchini.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha kwa UNESCO, katika orodha ya awali, njia kuu ya kati ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na Kwihara imo. Jina lililotumika ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo ni la kweli, na maumivu yaliyomo ndani yake hayapaswi kupunguzwa kwa neno lolote. Bado halitoshi. Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu yao wenyewe, wakiuza na kununua, na walijulikana katika njia nzima kama wapagazi wa kulipwa waliojua thamani ya kazi yao na waliothubutu kugoma. Njia inayokumbuka mateka peke yake humfanya kila Mwafrika aliyepita humo kuwa mzigo au mbeba mzigo wa mtu mwingine. Ikulu za watemi, vijiji vya wakulima na kambi za wapagazi vikiingia katika ramani hiyo, picha itakuwa kamili zaidi na ngumu zaidi.

Naam, ngumu zaidi, kwa sababu najua pingamizi litakalokuja kutoka kwa wanaharakati, na ni pingamizi la haki. Watemi hawa hawakuwa malaika. Walitoza ushuru wa njia, walipigana vita vilivyoteka watu, na watumwa walikuwamo katika makazi yao. Je, tunataka kuwajengea sanamu? Jibu langu ni hapana. Kulihifadhi gofu hakumaanishi kumsifu aliyelala ndani yake. Tunatunza ngome na masoko ya Bagamoyo na Unguja bila kuwasifu waliouza watu humo. Aliyetekwa vitani akaletwa katika ua wa mtemi naye aliacha alama katika udongo uleule, na tukiufuta ua tumemfuta yeye wa kwanza, kwa kuwa hakuandikwa mahali pengine popote.

Pingamizi la pili hutoka maofisini: fedha hazipo, na hata zikiwapo hakuna cha kumwonyesha mtalii. Sehemu ya pili ya pingamizi hili ndiyo ninayoikataa zaidi. Hatuhifadhi kwa ajili ya mtalii pekee. Na sehemu ya kwanza inadhani kwamba kuhifadhi ni kujenga upya. Kujenga upya kwa saruji na bati lililopakwa rangi ya udongo kungekuwa msiba mwingine. Kazi ya kwanza ni nafuu: kujua magofu yako wapi, kuyapima, kuyaandika, na kuzuia yasichimbwe.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika Mkoa wa Tabora. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 3,391,679. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi wanahitaji viwanja, mashamba, matofali na kuni. Hakuna anayekosea kwa kuvihitaji. Anayekosea ni anayepima viwanja bila ramani ya kilichomo chini yake, na leo mpimaji hawezi kulaumiwa, kwa kuwa ramani hiyo hakupewa.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma mambo matatu. Kwanza, marekebisho ya sheria yaondoe mwaka 1863 na kuweka kipimo kinachosogea pamoja na wakati. Pili, hadi hapo, Waziri atumie mamlaka aliyonayo tayari kuyatangaza rasmi katika Gazeti la Serikali maeneo ya Isiunula na Iselamagazi, na kuyawekea mipaka ardhini. Tatu, kila halmashauri ya njia ya misafara itengeneze orodha ya magofu ya udongo na kuikabidhi kwa idara ya ardhi kabla ya upimaji mpya.

Wanaharakati, mmefanya kazi kubwa kudai mabaki ya mababu zetu yarejeshwe kutoka makumbusho ya Ujerumani. Endeleeni. Lakini siku yatakaporudi, tutayarudisha kwenye ardhi gani, ikiwa hatujui mwenyewe aliishi wapi?

Na ninyi wanafunzi, likizo inakuja. Wengi wenu mnatoka Uyui, Urambo, Sikonge, Nzega na Igunga, na kila mmoja ana babu au bibi anayejua ni wapi jembe hugonga vigae. Nendeni mkaulize. Andikeni jina la mahali, jina la aliyewaeleza ikiwa amekubali, na maneno yake kama alivyoyasema. Msichimbe, msiokote, msihamishe hata kigae kimoja, kwa maana kitu kikiondolewa mahali pake kinakuwa bubu. Mleteni maandishi hayo muhula ukifunguliwa, tuanze kuichora ramani ambayo mpimaji wa viwanja hajapewa.